Maumivu Si Lazima

Ndivyo bango lilivyosema, kwa herufi nyekundu,
kijana akitabasamu, kidonge kiganjani.
Lilitoka Pune, likapita Kampala bila kuulizwa swali,
nikalisimamisha mimi, Mbale, mwezi wa Agosti,
mwaka wa tohara.

Wavulana wakapita chini yake,
unga usoni, njuga mapajani.
Mmoja akalisoma kwa sauti; kundi zima likacheka.
Mzee Wandeba hakucheka. Alinishika mkono:
"Huyo kijana wenu ni mwoga wa ukoo gani?"

Siku tisa sikuuza hata pakiti.

Nandudu, mwenye kibanda cha stendi,
ndiye aliyeniomba katoni moja kwa mkopo.
Hakutaja maumivu. Aliandika kwa makaa, ubavuni mwa boksi:
KWA MIGUU ILIYOCHEZA.
Wakaja akina mama, visigino vimevimba,
wakaja wajomba. Jioni akaja Wandeba,
akanunua viwili, "vya mke wangu,"
kimoja akakimeza papo hapo.

Sasa Pune wanauliza mauzo yamepandaje.
Nimeandika, nimefuta.
Makaa nitayatafsiri vipi?