Darasa la Mtu Mmoja

Saa tatu kasorobo Profesa Kuramochi hufungua daftari la mahudhurio
na kuliita jina langu kana kwamba tuko mia.
"Segawa."
"Nipo."
Anatia alama. Anakohoa.
Anaanza.

Tulikuwa watatu.
Mmoja alihamia Sapporo, kwenye kumbi za mihadhara
zilizopanda ngazi kama uwanja wa mpira.
Iori alirudi kwao kumsaidia baba yake kukamua ng'ombe,
bado hunitumia picha za ndama, bila neno.
Nikabaki na Historia ya Uvuvi wa Kaskazini,
viti thelathini na tisa vitupu,
na jiko la mafuta ya taa likikoroma pembeni.

Hujaujua utoro
mpaka utake kutoroka darasa la mtu mmoja.
Nikilala, darasa zima limelala.
Siku niliyoshikwa na homa, simu ya bweni ililia:
ni yeye, akiuliza kwa upole kama leo tuahirishe.
Tu, alisema. Wingi wa watu wawili.

Na hakuna mgongo wa kujificha nyuma yake.
Swali likitupwa huzunguka chumba kizima,
kiti, kiti, kiti,
halafu mimi.
Kidole kimoja hakivunji chawa, najua,
lakini hapa lazima kiinuliwe.

Siri nazo hazina pa kulala.
Nilikata nywele Jumanne jioni;
Jumatano asubuhi mkutubi, ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "tarehe kumi na nne,"
aliniambia ningeziacha kidogo mbele.
Bi Sonoe wa kantini anajua nani hali uyoga,
nani kaachwa, nani hajamaliza ada.
Wiki ya mitihani huzidisha viazi kwenye supu
na kutazama kando, nisije nikashukuru.

Maktabani nilikuta kitabu ambacho kadi yake
iliishia mwaka themanini na saba.
Pembeni mwa ukurasa wa arobaini na mbili
mtu alikuwa ameandika kwa penseli: *Si kweli!*
Nikamjibu chini yake: *Ni kweli. Tazama ukurasa wa 60.*
Ulikuwa usiku, theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha,
na sikuwa na mtu mwingine wa kubishana naye.

Novemba, tangazo lilibandikwa karibu na mashine ya kahawa:
kuanzia Aprili chuo hakitapokea wanafunzi wapya.
Karatasi moja, pini nne.
Bi Sonoe aliisoma, akanyoosha kona iliyojikunja,
akarudi kwenye sufuria.

Siku ile Profesa alifundisha heringi,
jinsi walivyokuja hadi bahari ikawa nyeupe kama maziwa,
watoto wakafungiwa shule ili wakabebe vikapu,
na jinsi mwaka mmoja
watu walivyoketi ufukweni na nyavu zilizokwisha shonwa
na hawakuja.
Akanyamaza. Nje, gari la kusukuma theluji lilipita.
"Swali?"
akatazama viti vyote arobaini,
kimoja kimoja, kwa haki.

Nikasema kitabu kinadai maji ndiyo yaliyobadilika,
wavuvi hawana lawama.
Aligeuka, akaandika ubaoni maneno mawili,
mkia wa herufi ya mwisho ukivutwa chini
kama ndoana.

Niliujua ule mkia.
Sikusema kitu. Nilinakili, nikafunga kalamu.
"Mwaka wangu," alisema akipangusa chaki kwenye suruali,
"tulibanana hapa. Nilikaa pale dirishani. Baridi kali."

Jioni nilikwenda maktabani na viatu vilivyolowa,
nikafungua ukurasa wa arobaini na mbili.
Chini ya jibu langu, penseli mpya, vumbi lake bado halijapeperuka:

*Ukurasa wa 60 nimeusoma mara nne.
Bado si kweli.
Njoo Alhamisi na ushahidi.*