Kilo Ishirini na Tatu

Wamefika sijafungua stoo,
watu tisa, kila mtu na begi lake,
maana Soroti nzima mizani ya kutundika
wanayoiamini ni yangu,
ingawa wanaoniuzia karanga watakuapia
kwamba inaiba nusu kilo.
Haiibi. Inasahau.

Ndege inaondoka Entebe Alhamisi usiku.
Ruhusa ni kilo ishirini na tatu, hakuna nyongeza,
anasema Okiror mwenye orodha,
mwenye kadi tisa za manjano za chanjo
alizozifunga kwa mpira kama noti za mnada wa ng'ombe.

Wanakwenda Madagaska, kusini,
ambako mvua imekuwa mgeni wa kuahidi tu,
wakafufue pampu sitini zilizokufa zimesimama.
Miezi mitatu. Bila mshahara.
"Bila mshahara?" nauliza mara ya tatu.
Ojakol ananijibu taratibu, kama anayemvua mtoto mwiba:
"Chakula watatupa. Pa kulala watatupa.
Kiu tunaijua wenyewe."

Natundika begi la kwanza. Thelathini na moja.
Fungua.
Spana namba kumi na tisa, nne.
Spana namba kumi na saba, nne.
Mnyororo wa mkono wa pampu, umelowa grisi.
Raba za pistoni, mia mbili, ndani ya soksi.
Suti.
"Suti ya nini, Emuron?"
"Ya siku ya kuagana."
"Hujafika, unaaga?"
Suti imebaki. Imekaa juu ya gunia
mikono imekunjwa,
kama mgombea aliyeshindwa kwa kura chache.

Begi la Asekenye linanukia jikoni kwao:
unga wa wimbi, ukwaju, samaki mkavu wa Kyoga.
"Samaki watakunyang'anya uwanjani."
"Wakimnyang'anya, wamle. Nao wana njaa."
Lakini kilo ni kilo.
Samaki naye ameketi kando ya suti.

Wanaosubiri zamu wanafundishana neno:
rano.
Maji. Rano.
Wanaligeuza mdomoni kama punje ya karanga
usiyojua bado kama ni chungu.

Mimi nilikuwa darasa la pili
walipokuja wale wageni kumi na wanne, na kofia zao,
wakatuchimbia kisima nyuma ya shule.
Walitoa jasho, sisemi uongo.
Walilia siku ya kuondoka, nasi tukalia.
Kwenye simenti mbichi waliandika majina yao,
na herufi Z nilijifunzia pale, kwa kidole.
Mvua za pili zilipokuja pampu ikakauka.
Ilikuwa raba. Raba ya ukubwa wa shilingi mia mbili.
Hakuna aliyekuwa na spana ya kuifikia.
Majina bado yanasomeka.

"Na nyinyi mtaandika?" nimemuuliza Amuge,
aliye fundi kuwashinda hao wanaume, nao wanajua.
Hakuinua kichwa.
"Spana ni nne nne kwa sababu gani, unafikiri?
Moja ya kazi. Tatu za kuacha."
Akatoa blanketi lake ziingie.

Binti yake, Anyait, hakuomba ruhusa.
Kashika ndoano kwa mikono miwili,
kakunja miguu.
Mshale ukaruka, ukayumba, ukatulia:
kumi na nane.
"Mama, bado kuna nafasi ya kilo tano."

Wanane walicheka.
Mmoja alikuwa akifunga zipu
iliyokwisha kufungwa.

Nikamshusha mtoto, nikasema mizani hii
haijui watu, inajua karanga tu.
Akaniangalia kama wakulima wanavyoniangalia.

Sasa wamekwenda kula chakula kwa Okiror.
Nimebaki na suti, samaki, blanketi,
Biblia tatu (sita zinawatosha),
sufuria ambayo hakuna aliyekiri ni yake.
Ndoano haina kitu,
na mshale umesimama juu kidogo ya sifuri,
nusu kilo, kama kawaida yake.

Siku nyingine ningeugonga kwa kidole urudi.