Amplifaya, Masasi

Muuzaji aliipandisha hadi kumi,
vioo vya duka vikatetemeka,
akanitazama kama ananidai.
"Hii itasikika Nachingwea!"

Nachingwea nina nini? Hata mkwe sina.
Mimi napiga Jumamosi, Tandahimba,
uani kwa Bi Nantanga, korosho zimeshalipwa,
jenereta linakohoa,
na Mchopa anazipiga dramu
kama ana kesi nazo.

Nikaiomba ile ya pembeni,
kitambaa kimechanika,
swichi ya besi imeshikwa na gundi.
Nikacharaza uzi mmoja, ule mwembamba.
Somoe nikamsimamisha ng'ambo ya barabara:
imba.

Ikapita bodaboda. Gitaa nililisikia.
Somoe nilimsikia pia,
mpaka ile pumzi anayoiiba
kabla ya kiitikio.

Nikalipa.
Chenji niliisahau mezani.