Theluji ya Friji

Bupe hanitumii maneno, hunitumia sauti:
kru, kru, kru, kru,
viatu vyake vikitafuna theluji huko Oulu,
kisha pumzi, kisha pumzi, kisha kicheko kifupi:
"Digrii kumi na tisa chini ya sifuri.
Wewe mvivu, amka."

Saa yake iko nyuma ya yangu kwa saa moja tu.
Ila jua la kwao, asema, hutoka saa nne,
huchungulia kama mgeni aliyekosea nyumba,
saa nane limeshaaga.

Mimi niko Kigogo. Vuli imetia nanga.
Bati linapigwa tangu usiku wa manane
na raba zangu za Karume zimelala nyuma ya friji,
zimeshindiliwa magazeti ya juzi,
bado mbichi.
Nazivaa hivyo hivyo.
Soksi yaniambia: chwa.

Tulianza kwa sababu ya mama.
Daktari wa Mwananyamala alitutazama sisi wawili,
akafunga faili, akasema sukari haipigi hodi.
Kesho yake tukakimbia hadi Mkwajuni
tukarudi tukitembea, kila mmoja kashika mbavu,
Bupe akiapa hatarudia.
Akarudia.
Hata alipopanda ndege aliapa,
sanduku moja, koti la kuazima:
siku utakayolala wewe, nami nitalala.
Hicho ndicho kiapo. Sikukitia sahihi, lakini kinaniamsha.

Njia ya bondeni leo haipitiki.
Msimbazi umepanda mpaka kwenye vibaraza,
umebeba godoro, ndoo, kandambili moja ya mtoto.
Napita juu, kwa wauza mbao.
Kuna shimo pale ambalo mfuniko wake
uliuzwa chuma chakavu tangu Machi;
maji yamelifunika, lakini nalijua
kama ulimi unavyolijua jino bovu.
Nalizunguka bila kutazama.

Na Chiduo, mlinzi wa yadi, chini ya turubai lake,
sigara kaificha kiganjani isilowe,
ananiuliza la kila siku:
"Dada, nani anakufukuza?"

Mimi ni muuza barafu. Za ukwaju, za ubuyu, mia mbili mia mbili.
Jumapili iliyopita nilizima friji niisafishe.
Kuta zilikuwa zimeota theluji, nene, nyeupe,
nikaiparua kwa mwiko, ikajaa beseni,
nikavua kandambili
nikaingia.
Nikahesabu.
Kwanza ilikuwa baridi. Kisha ikawa moto.
Kisha miguu haikuwa yangu tena,
ilikuwa ya mtu mwingine, wa mbali, aliyesimama nami.
Arobaini na moja, nikaruka.
Mwanangu Tumpe alicheka hadi akakaa sakafuni.

Nilimcheka naye, lakini usiku nikafikiri:
dada yangu anaishi ndani ya friji miezi sita.
Kapigilia skrubu fupi kwenye soli asiteleze,
soksi tatu, kope zimeganda chumvi,
taa imefungwa kwenye paji la uso kama mchimba madini,
barabara yote ni yake,
na hakuna hata mtu mmoja
wa kumuuliza nani anamfukuza.

Kwa hiyo leo nimesimama, jambo ambalo huwa sifanyi,
simu ndani ya mfuko wa nailoni,
maji yakinichuruzika masikioni,
nikamwambia Chiduo: rudia swali lako, semea hapa.
Akasita. Akatupa sigara. Akajikohoza
kama anayeitwa kutoa ushahidi.
"Dada," akasema, taratibu, kwa heshima zote,
"dada wa huko kwenye barafu,
nani anakufukuza?"

Vyura wakajazia. Mvua ikajazia.
Nikatuma.

Tiki moja.
Mtandao wa mvua, wajua ulivyo.
Nikarudisha simu kifuani, nikashika njia ya Mkwajuni,
chwa, chwa, chwa, chwa.