Sababu ya Pili

Ni daftari la hesabu, lenye miraba midogo.
Lali aliliacha alipohamia Tbilisi,
kurasa nne tu zimejaa sehemu na desimali;
zilizobaki nikazirithi mimi, mama yake,
ingawa urithi kwa kawaida huteremka.

Sikuanza kwa hekima.
Tangu tumzike Tamaz sina wa kubishana naye usiku,
basi nikawa nabishana na karatasi:
nimeamua nini, kwa nini, nina uhakika kiasi gani.
Kisha nafunga, nazima taa, nasahau.

Mwaka ule mvua ya mawe ilipolipiga shamba la chini,
kila aliyekuja kunipa pole nilimwapia:
"Nilijua! Moyo uliniambia vuna, nikaupuuza."
Nikalisema kanisani, nikalisema dukani kwa Mzia,
mpaka likakolea kama chumvi.

Januari, nikitafuta risiti ya salfa,
nikaangukia tarehe kumi na sita Septemba.
*Nimeamua kungoja siku nne. Sukari haijapanda.
Anga ni safi mpaka milimani.
Uhakika: tisa kwa kumi.*

Tisa.
Moyo gani huo ulioniambia vuna?
Ulikuwa umelala fofofo, na viatu umevua.

Na chini yake, sababu ya pili,
nimeikata kwa mstari mmoja mwembamba,
mstari wa mtu asiyetaka kuficha sana:
*Nodar amesema nivune leo. Simpi raha hiyo.*

Tani tatu za zabibu zililala matopeni,
nami miezi minne nimeyalaumu mawingu.
Majuto ni mjukuu, wanasema.
Wangu nina cheti chake cha kuzaliwa:
tarehe, mahali, na jina la mama.

Siku hizi nausoma mwandiko kabla ya maneno.
Nikiwa na hasira herufi zinalala upande
kama nyasi za kando ya njia lori likipita.
Nikiogopa zinasinyaa, zinabanana
mbilimbili ndani ya mraba mmoja.
Nikitaka kumpendeza mtu naandika vizuri mno,
kama bahasha ya harusi.
Mkopo wa pipa la chuma: bahasha ya harusi.
Siku niliyomfukuza kazi Gela: nyasi, nyasi, nyasi.
Uamuzi wa kubaki hapa peke yangu baada ya mazishi
una mwandiko wa kawaida na doa la supu.
Huo sijaujutia.

Leo Nodar amekuja na mkate wa moto na bei.
Analitaka shamba la chini. Bei ni nzuri,
goti langu ni bovu, na Lali harudi;
yote hayo ameyasema kwa upole,
jambo lililonichoma kuliko angenitukana.

Nimeketi. Maharage yako jikoni.
*Nimeamua kutouza*, nimeandika,
na kabla sijafika kwenye nukta
herufi zimekwisha anza kuinama.

Nikaiweka kalamu. Nikaitazama mitungi,
midomo yake tu ndiyo iliyo juu ya ardhi,
mingine yote imezikwa, inafanya kazi gizani.

Nikafungua ukurasa mwingine.
Safari hii nimeanza na sababu ya pili,
nimeiandika polepole, sikuikata.
Ya kwanza bado naitafuta.
Uhakika: ngoja kwanza,
nanusa maharage yanaungua.