Kilomita za Karani

Gachanja dalali aliinama dirishani,
akasoma mita, akapiga mluzi.
"Dada, hii namba itakufukuzia wateja.
Kuna fundi Kirinyaga Road,
ana kidude kama kitabu cha nyimbo za kanisa.
Elfu nne na mia tano, dakika ishirini,
gari linarudi ujana."

287,614.

Linarudi ujana!
Kama angeweza kumrudisha na mwenyewe
ningeuza hata meza tunayolia.

Nikamwambia nitafikiri.

Usiku nikashuka hadi maegeshoni, Donholm,
nikakaa kwenye kiti chenye umbo la mgongo wake.
Ndani ya kisanduku cha dashibodi:
hanchifu, kalamu ya benki iliyokauka,
risiti za sevisi zimefungwa kwa mpira,
kila risiti na tarehe, kila tarehe na kilomita,
sifuri zake zimezibwa vizuri
asije mtu akapenyeza mkia zikawa tisa.

Mwana wa karani hupiga hesabu hata kwenye matanga.
Hapa hadi ghalani Lunga Lunga, saba. Kurudi, saba.
Kanisani. Sokoni. Kisii mara mbili kwa mwaka,
mara tatu mwaka aliofariki nyanya.
Miaka kumi na minne.
Nikaongeza zile lilizokuja nazo kutoka Japani,
nikaongeza safari za hospitali, nikawa mkarimu,
nikaongeza hata zile za kupotea njia.

Laki moja na elfu saba zikabaki
zimekaa mkononi mwangu, hazina mwenyewe.

Kuizunguka dunia mara mbili na ushei,
mtu aliyesema Mombasa ni mbali.

Nikapanda ngazi. Mama alikuwa akichambua mchele
saa tano ya usiku, mchele usio na mawe.
"Mama, baba alikuwa akienda wapi?"
Hakuinua macho.
"Nilikuwa nikisikia injini ikiwaka, nageukia ukuta."
Akachagua punje, akaitupa.
"Karo yenu ilichelewa lini?"

Sikuuliza tena.

Jumamosi akaja Musyimi, mwalimu wa Kitengela,
na mkewe, na shemeji anayejua magari.
Shemeji akagonga milango, akanusa mafuta,
akaingiza kichwa. Kimya.
"Limetembea hili."
"Limetembea," nikasema, "kuliko ninavyojua mimi.
Lakini hiyo ndiyo namba yake. Haijaguswa."

Wakateta pembeni. Wakarudi wamekata elfu arobaini.
Gachanja, kule langoni, akashika kichwa
kama mtu aliyeibiwa yeye.

Nikaandika kwenye mkataba,
kwa tarakimu, halafu kwa maneno, kama hundi:
laki mbili, themanini na saba elfu,
mia sita na kumi na nne.
Mkono ulitetemeka kwenye ile laki ya katikati,
ile nisiyoweza kuitolea risiti.
Sikuacha nafasi ya mtu kupenya.

Risiti nikampa zote, pamoja na mpira wake.
Hanchifu nikabaki nayo.

Musyimi akawasha. Injini ikashika mara moja,
na juu, dirisha la jikoni,
nikamwona mama amegeukia ukuta.

Gari likatoka, likapinda kushoto.
Mahali fulani kwenye Outering,
nne ya mwisho ikawa tano,
na hiyo si yetu tena.