Mafungamano ya Kutosha

Barua ilikuja kwa simu, haikuwa na bahasha ya kuchana.
Nikaipeleka Barabara ya Kumi na Mbili, kwa Shedraki wa steshenari
anayechapa kila kitu: mitihani, kadi za harusi,
matangazo ya arobaini.
Akaisoma kimya mpaka chini, kisha akarudi juu.
Nikajua. Habari njema haisomwi mara mbili kabla ya kutamkwa.
"Mama Semeni, wanasema hawajaridhika."
Kama watu waliopakuliwa ubwabwa kidogo.

Karatasi mbili, shilingi mia nne. Akakataa kuzipokea.
Hapo ndipo miguu iliponilegea.

Imeandikwa hivi, akifuata mstari kwa kidole:
mwombaji hana mafungamano ya kutosha na nchi yake.
Mafungamano.
Nikamwambia arudie.

Miaka ishirini na sita nimesimama kiwanda cha kamba,
mkonge ukiingia nywele, ukitoka uzi,
uzi juu ya uzi mpaka kamba za kufungia meli
ambazo sikuzipanda.
Vidole vyangu havina tena mistari.
Kule Dar mashine ya alama ilivikataa mara tatu,
mpaka binti mwenye glavu akanipaka mafuta,
akaniambia pole, akabonyeza kwa nguvu.
Na mimi ndiye nisiyefungwa na kitu.

Sababu ya pili ni kweli, sibishi.
Fedha zote ziliingia benki siku moja.
Za kikoba: za Mwanakombo, za Mama Hiza,
za Fatu wa mihogo, asiyejua kuandika jina lake
lakini alihesabu noti mara mbili ndipo akanisukumia:
"Nenda ukamwogeshe mtoto."
Zikalala kwangu wiki tatu kama wageni wa msibani,
nikazirudisha Jumamosi kwenye pindo la kanga.
Hakuna aliyeuliza. Waliniongezea chai.

Ada ya maombi hairudi.

Nami nikiri, Afisa, kwa kuwa hunisikii:
usiku mmoja niliwaza kutorudi.
Nilijiona kwenye kochi la Semeni, ghorofa ya nne,
dirisha jeupe kwa baridi, mtoto kifuani,
tarehe ya tiketi inapita
nami najifanya sijui kusoma kalenda.
Usiku mmoja tu. Asubuhi nikakumbuka zamu yangu ya kikoba,
na kaburi la Mhina ambalo halijajengewa,
nikaona haya, nikafagia uwanja wote mpaka kwa jirani.
Lakini wewe ulijuaje?
Kamba hukatikia pembamba;
umepaona pembamba pangu
nami nilidhani nimepafunika.

Nikampigia Semeni. "Bado wanaiangalia," nikasema.
"Sawa, mama," akasema.
Kumbe barua ilimfikia yeye kwanza.
Tukanyamaza, bando likiliwa,
mtoto akipiga chafya huko Uholanzi
na hakuna hata mmoja wetu aliyesema "kua."
Kisha nikasema mimi, kwa sauti kubwa mno:
"Kua! Kua, mjukuu wangu!"

Ndipo akaniambia: kitovu kimedondoka.
Amekikausha, amekitia kwenye kikopo cha dawa,
hajui akifanyeje, huko chini ni lami tupu
na bustani ni za manispaa.
Kuna mtu wa Pangani anakuja mwezi ujao, atampa.

Shedraki anasema rufaa ni siku ishirini na nane.
Tutaona. Nina siku kumi na tisa, na shilingi elfu sita.

Ila jana, kabla jua halijawa kali,
nilichimba kishimo huku Makorora, chini ya mlangilangi,
palepale alipozikwa kitovu mama yake.
Si kirefu. Kiasi cha kiganja.
Nimekifunika kwa mfuniko wa sufuria, na jiwe juu,
maana kuku wa Mama Hiza
hawajui subira.